Laptopu Yako Haijafa, Imefungiwa Mlango

Kuna sentensi moja ambayo kila mwanachuo mwenye laptopu ya bei ya chini ataisikia kabla hajamaliza mwaka wa tatu: "Hii imeshakufa, tafuta nyingine." Anaisema fundi wa pale nje ya geti, anaisema mwenye stesheneri, wanaisema hata wenzetu wanaosoma kompyuta ambao hawajaifungua wala kuigusa. Inasemwa kwa upole, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba. Mimi naandika kuipinga. Nasoma Elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, sijawahi kukaa kwenye darasa la kuandika programu hata siku moja, na bado nasema kwa kujiamini kwamba laptopu nyingi zinazotangaziwa msiba hapa chuoni ni nzima. Kilichokufa ni Windows iliyo ndani yake. Na kinachotuzuia kuweka kitu kingine ni mlango mmoja mdogo ambao hakuna aliyetufundisha kuufungua.

Tuelewane kwanza ni laptopu gani ninazozisemea. Chuoni kwetu ziko za makundi mawili. Kundi la kwanza ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya au Uarabuni zikaishia Kariakoo: nzito, zina alama za stika zilizobanduliwa kwenye mfuniko, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Kundi la pili ni zile ndogo zilizonunuliwa mpya, nyepesi kama kaunta buku, RAM GB 2, na hifadhi ya GB 32 iliyochomelewa kwenye ubao wenyewe, huwezi kuitoa wala kuibadilisha. Mzazi aliuza mahindi akainunua, na muuzaji akamwambia hii ni mpya kabisa, inamfaa mwanafunzi. Upya wake ulikuwa wa kweli. Kufaa kwake ndiko kwenye maswali.

Windows 10 peke yake, kabla hujaweka hata asaimenti moja, inakula zaidi ya nusu ya hizo GB 32. Masasisho yakija hayana pa kukaa, yanagoma nusu njia, mashine inakuwa nzito, na siku moja inagoma kuwaka. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda. Inayofuata, Windows 11, inataka RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kama ubongo wa mashine ni wa Intel, kwa kawaida uwe wa kizazi cha nane au baada ya hapo. Ile ndogo ya GB 2 na GB 32 imefeli masomo mawili ya kwanza kabla hata haijafika kwenye TPM. Hata sup haipewi.

Hapo ndipo anaingia fundi. Tiba yake kwa kila ugonjwa ni moja: kupiga Windows. Laptopu nzito? Piga Windows. Haiwaki? Piga Windows. Ina virusi vya shortcut, vile vinavyogeuza folda zako zote kuwa vialama vya njia ya mkato? Piga Windows. Kwetu hapa bei ni kati ya Sh 10,000 na Sh 15,000, na mwenye kimeo hurudi mara mbili au tatu kwa mwaka, kila boom likitoka. Windows yenyewe haina leseni. Inafunguliwa kwa kiprogramu wanachokiita kraki, na sharti la kwanza la kraki ni kuzima antivirusi. Tafakari hapo. Unamlipa mtu azime ulinzi wa nyumba yako ili aingize mgeni asiyemjua yeye wala wewe. Sisemi kila kraki ina virusi ndani. Nasema hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba haina, na fundi mwenyewe ukimuuliza anacheka.

Hasara si hiyo elfu kumi. Mwenzangu wa chumbani mwaka jana alipeleka laptopu isiyowaka, na ndani yake kulikuwa na data za sura ya nne ya utafiti wake: majibu ya madodoso ya walimu aliowafuata kwa wiki tatu, yameshaingizwa, yameshapangwa. Alimwambia fundi, "Kaka, kuna kazi yangu humo, naomba isiguswe." Fundi akaitikia vizuri tu. Jioni alirudishiwa mashine inayowaka, safi, tupu. Diski yote ilifutwa kabla ya kupigwa Windows mpya. Yule fundi si mkatili, alifanya anachokifanya kila siku kwa kila mteja. Lakini mwenzangu alikaa usiku kumi na mmoja akirudia kuingiza madodoso kutoka kwenye karatasi, na bahati yake ni kwamba karatasi zilikuwepo.

Kazi ile ingeokolewa kwa muda mfupi na flashi mbili. Linux ina tabia moja ambayo watu wa Windows hawaijui: inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unaichomeka, unawasha mashine, unakuta meza ya kompyuta nzima iko pale. Diski ya zamani unaiona pembeni kama folda, unaifungua, unanakili kazi zako kwenda kwenye flashi ya pili, unazima. Kama diski haikufungwa kwa BitLocker, hata nenosiri la Windows huulizwi. (Ndiyo, hilo pia ni onyo kwa wanaodhani nenosiri la Windows linaficha kitu.) Hata kama hutaki kusikia habari za kuhamia Linux, hata kama utabaki na Windows yako mpaka mahafali, flashi hiyo moja iwe kwenye begi lako wakati wa utafiti.

Kwa asiyeijua, Linux si jini. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kiini chake. Aliyeianzisha, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, mwenye miaka 21, alipoitangaza Agosti 1991. Ni programu huria: unaipata bure, unaruhusiwa kumgawia mwenzako, na haina kraki kwa sababu haina kufuli. Wala si habari za mbali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi ulioitwa Kilinux. Ndio mwaka niliozaliwa mimi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, ukitaja Linux kwenye kimbweta unaulizwa kama unataka kudukua matokeo.

Sasa nije kwenye mlango wenyewe, maana wengi waliojaribu Linux hawakushindwa na Linux. Walishindwa kabla hawajaiona.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, anayeamka kwanza si Windows wala Linux. Ni programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu ya ubao mama. Za zamani ziliitwa BIOS, za sasa ni UEFI, ingawa mafundi bado wanaziita zote BIOS. Mfananishe na mlinzi wa hosteli. Anahesabu waliopo: kibodi, RAM, diski. Kisha anashika orodha yake na kutafuta, kwenye diski au flashi, sehemu ndogo yenye folda iitwayo EFI, na ndani yake faili la kuanzishia. Akilipata anakabidhi funguo na kwenda kulala. Asipolipata anaandika "No bootable device" na kukaa kimya. Maneno hayo ndiyo watu wanayasoma kama cheti cha kifo. Maana yake ni ndogo zaidi ya hapo: mlinzi hajaliona jina analolijua.

Kikwazo cha kwanza ni chepesi, ila ndicho kinachowarudisha wengi nyumbani. Mlinzi hasikilizi flashi mpaka umwambie. Kila kampuni ina kitufe chake cha kumwita, F2, F9, F12, Esc au Delete, na unatakiwa ukigonge mfululizo mara tu unapowasha, kabla nembo haijapita. Pia, kama Windows bado ipo, kuizima si kuizima kweli. Siku hizi huwa inalala nusu ili iwahi kuamka, na diski inabaki imeshikiliwa. Chagua kuwasha upya, usichague kuzima.

Kikwazo cha pili kinaitwa Secure Boot. Huyu ni mlinzi anayedai kitambulisho: faili la kuanzishia liwe na sahihi anayoitambua, na sahihi hizo kwa kawaida hupitia kwa Microsoft. Linux kubwa zimeshaipata, Ubuntu tangu 2012, Debian tangu toleo la 10 la mwaka 2019, kwa hiyo mara nyingi hupati shida. Ikigoma, unaingia kwenye mipangilio unaizima. Lakini kuna laptopu za bei nafuu ambazo kipengele hicho kimepauka, hakibonyezeki, na nimeshaona watu watatu wakikata tamaa hapohapo. Dawa yake haijaandikwa popote kwenye kioo: weka kwanza nenosiri la msimamizi humohumo kwenye mipangilio, hifadhi, ingia tena, utakuta kipengele kimefunguka. Ukimaliza kazi lifute, maana ukilisahau hilo ndipo utakapomhitaji fundi kweli. Na kabla hujazima chochote, hakikisha Windows haijafunga diski kwa BitLocker, la sivyo itakudai funguo ya tarakimu 48 ambayo hujui hata iko wapi.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kinazipata hasa zile ndogo za GB 2. Ubongo wa mashine hizo, mara nyingi Intel Atom wa kama mwaka 2014 aina ya Z3735F, una uwezo wa biti 64. Lakini wengi waliozitengeneza waliziwekea UEFI ya biti 32. Yaani mwenye nyumba anajua Kiswahili na Kiingereza, ila mlinzi wa getini anajua lugha moja tu, na wewe umekuja na barua ya lugha ile nyingine. Flashi uliyoitengeneza vizuri, inayowaka kwenye laptopu za wenzako wote, hapa haionekani hata kwenye orodha. Mlinzi anatafuta faili liitwalo bootia32.efi. Flashi yako ina bootx64.efi pekee. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna mlio, hakuna kitu. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema tundu la USB limeharibika.

Dada mmoja wa mwaka wa pili alikuwa na mashine ya namna hiyo, na fundi alishaitangazia msiba. Nilikwenda naye kuichukua. Fundi akaniambia, "Ticha, hiyo usijisumbue, flashi haisomi kabisa. Ubao umekufa." Nikamuuliza, "Sasa kaka, kama ubao umekufa, hii mipangilio tunayoiangalia hapa inawashwa na nini?" Akanyamaza kidogo, akasema nichukue nikajaribu bahati yangu. Sikumlaumu. Angekaa nayo siku tatu kwa elfu kumi atakula nini?

Sisi tulikaa nayo jioni tatu pale vimbwetani. Ya kwanza yote iliishia kwenye kutafuta ugonjwa wenyewe, na hapo bando la watu wawili liliondoka. Ya pili tukaandaa flashi ya Debian. Debian tangu toleo la 8 la mwaka 2015 ilishafikiria mashine hizi zenye lugha mbili, na inatoa mafaili ya usakinishaji yenye vianzishio vya aina zote mbili. Flashi ileile, tundu lilelile "lililokufa", na menyu ya usakinishaji ikatokea kwenye kioo. Yule dada alipiga kelele mpaka watu wa kimbweta cha jirani wakageuka.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, ila mtu wa mara ya kwanza yanaweza kumtisha. Hifadhi ya mashine hizi haijiiti sda kama diski nyingine, inajiita mmcblk0, usidhani ni kadi ya kamera. Wi-Fi ilikataa, kama inavyokataa mara nyingi kwenye laptopu rahisi. Tukachomeka simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti, mashine ikaipokea bila maswali. Mbinu hiyo ya waya wa simu ishikeni, imeniokoa mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Tarehe ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa kwa sababu kibetri cha ndani kimekwisha, na saa ikikosea, Linux inakataa kupakua programu kwa madai kwamba orodha zake ni za siku zijazo. Unarekebisha saa, unaendelea.

Usakinishaji ukaisha. Tukatoa flashi, tukawasha upya. "No bootable device."

Jamani. Dada wa watu alikaribia kulia, na giza lilikuwa limeshaingia.

Hicho ndicho kikwazo cha nne, na nadhani ndicho kinachoipa Linux jina baya kuliko vyote, kwa sababu kinakuja wakati umeshamaliza kazi na umeshaifuta Windows. Linux ilikuwa imekaa ndani vizuri kabisa. Ilikuwa imeandika jina lake kwenye orodha ya mlinzi kama utaratibu unavyotaka. Lakini UEFI za laptopu nyingi za bei ya chini zimeandikwa kwa uvivu: zinasahau orodha, au hazijali chochote isipokuwa jina la Windows na jina moja la akiba, lile ambalo kwa kawaida ni la flashi, ndani ya folda ya EFI/BOOT. Tiba ni kunakili kianzishi cha Linux na kukiweka pale kwa jina hilo la akiba. Huhitaji kuwa mtaalamu. Flashi ileile ya Debian ina menyu ya uokoaji, na kwenye menyu hiyo kuna mstari unaosema GRUB, yaani kianzishi, iwekwe kwa nguvu kwenye njia ya vifaa vya kuchomoa. Jioni ya tatu tuliuchagua mstari huo, tukabonyeza Enter, tukawasha upya. Ikawaka. Mpaka leo inawaka.

Sitaki kudanganya watu. Mashine ya GB 2 inabaki kuwa mashine ya GB 2. Ukifungua kurasa nyingi za intaneti kwa pamoja inaanza kuhema. Lakini inaandika asaimenti, inafungua PDF za mhadhiri, inaingia kwenye mfumo wa matokeo, na haijapigwa chochote tangu siku hiyo. Virusi vya shortcut vya flashi za stesheneri vikija, vinakaa tu pale kama mafaili ya ajabu, unavifuta kwa mkono huku folda zako zilizofichwa ukiziona.

Najua maswali yatakayokuja, nimeshaulizwa yote. La kwanza: na Word je? LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, na herufi zake za Liberation Serif zina vipimo vilevile vya Times New Roman, kwa hiyo mistari haihami. Jedwali gumu lenye visanduku vilivyounganishwa linaweza kuhama, hilo ni kweli, na ndiyo maana ya kuchapisha unapeleka kwa PDF. La pili, SPSS. Kwa wanaofanya utafiti kama sisi wa Elimu, PSPP inafungua mafaili ya SPSS na inafanya mambo mengi tunayoyahitaji: asilimia, majedwali mtambuka, jaribio la t, ANOVA, rigresheni. Kama msimamizi wako anataka uchambuzi mzito zaidi, tumia mashine za maabara. SPSS kwenye RAM ya GB 2 hata Windows ingekutesa. La tatu huwa linaulizwa kwa sauti ya chini: mnataka kumnyima fundi riziki? Fundi ana vioo vya kubadilisha, bawaba, chaja, kibodi zilizomwagikiwa chai. Kazi hizo sisi hatuziwezi. Hii tunaiweza.

Na mwenye laptopu ya GB 8 yenye Windows halali inayomtosha, huyo simgusi. Akae kwa amani.

Ila kuna jambo linanikera zaidi kwa sababu ya kozi ninayosoma. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule ya kata ambayo ina chumba cha kompyuta. Mashine 12, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa vizuri, mlango una kufuli. Mkuu wa taaluma aliniambia zimekufa, na kwamba wanafunzi wanajifunzia kompyuta kwenye picha za kitabu. Niliomba ufunguo. Nane kati ya hizo 12 ziliwasha taa na kuandika maneno yaleyale ya mlinzi. Sikuwa na flashi, sikuwa na intaneti ya maana, na muda wangu ulikuwa unaisha, kwa hiyo nilizifunika tena vitambaa vyake. Sisi ndio tutakaopelekwa kwenye shule hizo. Mkuu wa shule akikuona kijana umetoka chuo kikuu, atakukabidhi ufunguo huo wiki ya kwanza. Na kozi yetu ya TEHAMA ilitufundisha nini? Sehemu za kompyuta kwa kuchora, faida na hasara za intaneti, na hatua za kutengeneza jedwali kwenye Word, tukazikariri na kuziandika kwenye mtihani kwa kalamu. Hakuna aliyetuambia kompyuta inaamkaje.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali ya wanafunzi, na si la fedha nyingi. Faili la Linux Mint ni karibu GB 3. Kwa bando letu kila mtu akipakua la kwake ni wazimu. Likipakuliwa mara moja, likiwekwa pamoja na Debian kwenye kompyuta moja ya ofisi ya umoja, mtu anakuja na flashi yake ya GB 8 anaondoka nayo imeandaliwa. Tukiweka programu ya Ventoy, flashi moja inabeba zote mbili na unachagua wakati wa kuwasha. Kisha Jumamosi moja kila mwezi, meza mbili na soketi zinazofanya kazi. Wanafunzi wa kompyuta wapo, wa Elimu tupo, na naamini somo la kufundisha kwa vitendo tutalipata hapo kuliko kwenye kuigiza darasa sisi kwa sisi. Ofisi ilishawahi kutumia pesa zaidi ya hizo kwenye fulana za tamasha, na fulana zenyewe zilichuja wiki ya pili.

Kitu cha tatu ninachoomba ni daftari. Aina ya laptopu, kitufe chake cha kumwita mlinzi, kama Secure Boot inazimika au imepauka, UEFI ni biti 32 au 64, Wi-Fi ilikubali au iligoma, na kilichosaidia. Mimi nimeshaanza la kwangu, lina aina kumi na moja mpaka sasa, na liko wazi kwa yeyote. Atakayekuja Jumamosi aje na chaja yake, aje na flashi tupu ya kuhifadhia kazi zake kwanza, na aulize kabla ya kubonyeza neno lolote linaloonekana kama kufuta.

Kwenye ukurasa wa nne wa daftari, ile mashine ya dada wa mwaka wa pili bado ina mstari mmoja mtupu. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa spika, sauti haitoki hata kidogo, anasikilizia mihadhara kwenye simu. Mwenye kuijua dawa yake anione vimbwetani.